Naenda Valencia (Hispania), nimealikwa chakula Jumapili. Naombeni ushauri wa mezani

KijanaWaPangani:
Kwema wakuu. Mimi naishi Ujerumani, wikiendi ijayo nashuka Valencia, kuna familia imenialika paella Jumapili saa 2. Sijawahi kukaa meza moja na Wahispania, nasikia wanakula kwa masaa, kelele nyingi, divai mezani. Naombeni mnielekeze nibebe nini, nianze vipi, nile kiasi gani nisionekane mlafi wala mwenye maringo. Nina wasiwasi kweli, usingizi umekata. Matusi sitaki.

SindanoButu:
Naweka kigoda hapa, wajuzi waje.

MamaKaranga:
Mwanangu umealikwa pazuri. Mimi nimelea wazee Valencia miaka mingi, hao watu wali wanaujua. Paella yao ya asili sio ile ya kwenye picha yenye kamba na kome juu. Ya nyumbani ni kuku na sungura, maharage ya kijani mapana, maharage meupe makubwa wanayaita garrofó, nyanya, zafarani, tawi la rozimari, wengine wanatia na konokono. Karai lake pana halina kina, wenye uwanja wanalitandika juu ya kuni za mchungwa, wali unakaa tabaka jembamba, haufunikwi wala haukorogwi. Familia za kizamani karai linakaa katikati ya meza kila mtu na kijiko chake anakula upande wake, kama sisi kwenye sinia tu, hupeleki mkono kwa jirani. Ukoko wa chini wanauita socarrat, wanaugombania, ukisogezewa wewe ujue umependwa. Na ukishiba usinyanyuke! Hapo ndo maongezi yanaanza, matunda, kahawa, mnaweza kufika saa kumi na moja jioni. Beba keki nzuri ya dukani inatosha.

WaKisauni:
Mie ntakwambia moja tu, usiagize Agua de Valencia ukidhani ni maji. Nilikuwa baharia, tumetia nanga pale, jua kali, naona kwenye menyu agua, nikasema leteni jagi zima. Rangi ya machungwa, tamu, glasi nishaimaliza mwenzangu ananiambia hiyo ni juisi ya machungwa na cava, divai yao ya mapovu, na vodka na jini. Tangu hapo nikishuka pale ni horchata basi, kinywaji cheupe wanakikamua kwenye vijiazi vidogo vya chufa, mashamba yenyewe yako Alboraya hapo pembeni ya mji. Baridi, unachovya fartons, vimkate virefu laini. Yakhe utaisahau shida.

SindanoButu:
Na usije ukawaambia unapenda paella ya chorizo, ile soseji yao ya nguruwe. Jamie Oliver yule mpishi wa Uingereza 2016 aliposti paella yake ina chorizo, Wahispania walimshukia mtandaoni hakuamini.

KijanaWaPangani:
Asanteni sana. Mama, hiyo nyama nikiisogeza pembeni nikala wali tu itakuwa dharau?

MamaKaranga:
Kwa nini uisogeze?

SindanoButu:
Mleta uzi anaficha kitu. Nani kakualika? Funguka.

KijanaWaPangani:
Sawa. Aliyenialika ni mama wa mchumba wangu. Mimi Muislamu, nyama isiyochinjwa kihalali sili. Mchumba anajua mimi Muislamu ila hili la nyama hatujawahi kuliongea, tukitoka naagiza samaki, yeye anaamini napenda samaki. Juzi kwao wameuliza kupitia yeye kama kuna kitu sili, nikajibu nakula kila kitu. Nimeshaamua nitasema tumbo linasumbua, nile wali wa pembeni kidogo. Mgeni hachagui chakula, naona hiyo ndo heshima.

MamaKaranga:
Wali wa pembeni haupo baba. Nyama ndo inaanza kukaangwa kwenye hilo karai, halafu linajazwa maji inachemka mpaka inatoa supu, mchele unakuja mwisho kuinywa hiyo supu yote. Mchele wao mzuri unaitwa bomba, kazi yake ndo hiyo ya kunyonya ladha. Kila punje ina sungura.

Msomaji_wa_Ngazija:
Suratul Maida aya ya 5 chakula cha watu wa Kitabu kimehalalishwa kwetu, ingawa wanazuoni wana maneno mengi kuhusu machinjio ya siku hizi. Kinachonitisha mimi sio sungura, ni huo uongo wa tumbo. Unaingia ukweni kwa uongo?

KijanaWaPangani:
Sio uongo ustadhi, ni busara. Nikiwaambia sasa hivi wataona naleta masharti kabla hata sijawasalimia.

TaboraMoja:
Wakuu hii chai. Someni post ya kwanza, paella saa 2. Mtu wa Valencia hali paella usiku, kwao ni chakula cha mchana, usiku wanadonoa vitu vyepesi. Halafu mchumba gani huyo hajui mwenzake hali nini? Mnampa mtu ushauri wa bure na huyo Mhispania hayupo.

WaKisauni:
Hapo kwa usiku kanena kweli. Mie mwenyewe nilishangaa.

KijanaWaPangani:
Chai ya nini sasa. Ujumbe umeandikwa 2, nimeuweka ulivyo, 2 ya kwao ni saa nane mchana. Wewe kama huna ushauri pita, mimi usingizi sina.

TaboraMoja:
Weka tiketi tuone.

MamaKaranga:
Muacheni mtoto. Hata kama ni hadithi kuna mwingine atasoma yatamfaa. Mwanangu, mwambie leo. Baba zao huko ndo wanasimamia paella ya Jumapili na manunuzi yanafanywa mapema, Mercado Central lile jengo zuri la 1928 Jumamosi linafunga saa tisa alasiri, Jumapili halifungui. Wakijua mapema wanakupikia arròs a banda, wali wa supu ya samaki, mtamu kupita maelezo, au fideuà ya tambi na samaki, asili yake pwani ya Gandia. Ukitaka uwashinde kabisa, fika mapema upite mtaa wa Russafa kwenye mabucha ya Wamoroko, nunua kuku wa halali uende naye, umwambie mzee tupike pamoja. Hawatakasirika kwa masharti. Watakasirika wakikuona unachokonoa wali walioulinda motoni asubuhi nzima.

KijanaWaPangani:
Nimempigia. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kamba na ngisi naruhusiwa. Anasema baba yake alishaagiza sungura, ataongea naye. Hakuonekana amekasirika ila sijui.

Msomaji_wa_Ngazija:
Allah akufanyie wepesi. Na Pangani wanajua habari ya huyo binti?

KijanaWaPangani:
Mama anajua. Mzee bado. Ila hilo sio swali la huu uzi.