Naomba ushauri (2020): niende umbali gani na baiskeli wakati huu wa kafyu ya korona?

Hamjambo wenzangu. Niko Kasarani, na tangu Aprili 6, 2020 hatuvuki mipaka ya Nairobi na viunga vyake. Upande wetu mwisho ni daraja la Chania, Thika. Kafyu inaanza saa moja jioni.

Nabeba tyubu ya akiba, pampu na kiungo cha cheni. Pancha si shida. Tairi likichanika ubavuni ndiyo balaa, maana kukokota kilomita 20 ni kama saa tano. Kwa hiyo nazunguka karibu na nyumbani tu, na imenichosha.

Je, Juja (mji ulio kabla ya Thika) kwenda na kurudi, nikitoka alfajiri kafyu ikiisha, ni busara? Na barakoa ikilowa jasho mlimani hewa haipiti: mnaivua, au mnabeba ya pili kwa ajili ya vizuizi vya polisi?