Mzee maskini asiye na pensheni: ni mzigo wa serikali au wa watoto wake? (Lubumbashi, mjadala wazi)

Mwana Katuba: Nauliza wazi, tujibizane bila matusi. Je, serikali ya Kongo imlipe kila mwezi mzee asiye na kitu, hata kama hakuwahi kukatwa franga moja ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii? Mimi nasema ndiyo, na nasema pesa ipo.

Pensheni ya CNSS ni ya aliyeajiriwa. Mfanyakazi anakatwa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri anatia 5 nyingine. Sasa mama aliyezeekea soko la Kenya, komini (wilaya ya mji) ya hapa Lubumbashi, akipima unga na mboga, mwajiri wake nani? Na mlinzi wa usiku aliyelipwa mkononi bila karatasi? Hao hawamo kabisa.

Hata wenye karatasi wapo walioachwa njiani. Mnakumbuka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, walipotolewa kwa ule mpango wa "kuondoka kwa hiari" uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Walikuwa wanadai mishahara ya miezi na miezi. Wakapewa pesa ya mara moja, wengine ikaishia kwenye madeni na minervali (ada ya shule) ya watoto. Hiari gani hiyo? Leo ndio wazee wetu.

Ibara ya 49 ya Katiba ya 2006 inawapa watu wa umri mkubwa haki ya kulindwa kwa hatua maalum. Kwenye avenyu yetu sijaona hata moja.

Sasa pesa. Tangu sheria ya madini irekebishwe 2018, mrabaha unaolipwa na makampuni ya madini unagawanywa hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 mkoa, 15 komini au sekta yenye mgodi, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Ambao hawajazaliwa wamewekewa akiba, waliochimba hakuna aliyewakumbuka. Pendekezo langu: sehemu ya ile 25 ya mkoa iende kwa kila mwenye miaka 70 na kuendelea, awe na watoto au hana, bila kumpima umaskini.

Papa Kampemba: Mwanangu, mzee ni wa ukoo. Serikali ikianza kumlisha, watoto watakunja mikono. Na serikali gani hiyo? Nenda siku ya malipo uone wenye pensheni halali: wamekaa chini ya ukuta tangu alfajiri, kila mmoja na faili yake ya plastiki. Ndani mna cheti cha kazi kilichochanika kwenye mikunjo, namba ya matrikile (ya usajili kazini), picha mbili, na karatasi ya kuthibitisha kwamba bado yu hai. Yuko mbele yao, anakohoa, na bado wanataka karatasi. Hao ndio inaowatambua! Itawaweza ambao haiwajui?

Yaya wa Ruashi: Papa, kwa heshima yako: ukoo upi? Mtoto mwenyewe hana kazi. Kwetu ni bibi anayelea wajukuu, si watoto wanaomlea bibi. Akipata chochote ni bukari (ugali) ya nyumba nzima.

Wenzetu wameanza zamani. Zanzibar ilianza Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye miaka 70, kutoka bajeti yake yenyewe. Baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Kenya (ile nchi, si komini yetu) inatoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wa umri huohuo, tangu 2018. Sijasikia kwamba Unguja watu wamewafungia bibi zao mlango kwa sababu hiyo.

Mpima Maneno: Zanzibar ni visiwa, huhesabu watu wakahesabika. Sisi sensa ya mwisho ni ya 1984. Kitambulisho chetu ni kadi ya mpiga kura, na mwaka wa kuzaliwa ni ule uliomtajia karani mwenyewe. Tangazeni miaka 70 leo, kesho Lubumbashi nzima imezeeka. Chifu wa avenyu ataandika shangazi zake, akiwamaliza ataandika marehemu.

Mwana Katuba: Ndiyo maana sitaki kupima umaskini. Umaskini kila mtu atadai anao, na atakayeamua ni huyo huyo chifu. Umri una mashahidi. Muulize mzee alikuwa wapi Katanga ilipojitenga, 1960 hadi 1963: aliyekuwepo atakusimulia hata alijificha nyumba ya nani, na wa rika lake watamkosoa akidanganya. Orodha isomwe kanisani, msikitini na kwenye komini kabla ya kulipa. Wezi watakuwepo, sikatai. Lakini kwenye mishahara ya serikali pia majina hewa yapo, na hakuna aliyesema walimu wasilipwe.

Mshi wa Bukavu: Mnabishana kama vile nchi nzima ni Lubumbashi. Waasi wa M23 walipoingia Goma Januari 2025, kisha kwetu Februari, benki zilifungwa. Mwenye pensheni na asiye nayo wakawa sawa. Mkilipa, lipeni kwa simu, mtu achukue kwenye kabini (kibanda cha pesa za simu) ya jirani, na ada ya kutoa isikatwe kwake. Jambo lingine mlilolisahau: huku mwanamke mzee asiye na kitu ndiye wa kwanza kuitwa mchawi. Bibi anayeingiza pesa kila mwezi, hata wakwe watamlinda.

Papa Kampemba: Hilo la mwisho nalikubali. Basi walipe, ila waanze na madeni ya wenye faili. Na ni kwa dola au kwa franga? Franga ya Januari si ile ya Desemba.

Mwana Katuba: Kwa franga, Papa, na kiwango kirekebishwe kila mwaka kufuata bei ya unga. Juu ya madeni hatutakubaliana. Tukingoja yaishe kwanza, mama wa soko la Kenya atazikwa akiwa bado kwenye foleni ya watu wengine.