Mada: Afya ya uzazi ianze kufundishwa kidato gani, na je, wavulana wabaki darasani?

Mlezi wa Darasa (mwanzisha mada)
Wanajamvi, salaam. Mfumo wa uzazi hufundishwa katika baiolojia kama unavyofundishwa mfumo wa mmeng'enyo wa chakula: mchoro, majina ya viungo, maswali ya mtihani, basi. Mwanafunzi anaweza kupata alama zote za mchoro wa ovari na mirija yake, na bado akashtuka akidhani anaumwa siku anapoona damu kwenye nguo yake ya ndani. Napendekeza kwamba misingi yote, yaani balehe, hedhi, mimba inavyotungwa, magonjwa ya zinaa na kinga zake, pamoja na haki ya kukataa kuguswa, ifundishwe tangu kidato cha kwanza, wavulana na wasichana wakiwa pamoja. Wasichana wengi huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13, na wavulana kati ya miaka 9 na 14. Anayetaka tungoje kidato cha tatu anataka tugawe miavuli mvua ikiwa imeshakatika. Karibuni kwa hoja.

Mzazi Mkongwe
Sipingi mtoto kuujua mwili wake, napinga haraka. Ukimfundisha kondomu umemwambia kwamba unatarajia aitumie. Sisi tulikua bila vipindi hivyo na hatukupotea. Isitoshe, mnalikuza jambo dogo: msichana aelezwe kwamba mzunguko ni siku 28, kwamba yai hutoka siku ya 14, na kwamba siku nyingine ni salama, hapo amejua la kujua. Wavulana waende uwanjani wakacheze, kwa sababu hakuna linalowahusu.

Muuguzi wa Zamu
Shikamoo, mzee wangu. Kwa heshima zote, sentensi yako ya "siku nyingine ni salama" ndiyo inayowaleta mabinti kliniki wakiwa wamechelewa. Siku 28 ni wastani. Kwa mwanamke mzima mzunguko wa kawaida huwa kati ya siku 21 na 35, na kwa binti aliye katika miaka yake ya kwanza ya hedhi unaweza kufika hata siku 45, tena ukabadilika mwezi kwa mwezi. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi ijayo, wala si siku 14 baada ya kuanza iliyopita. Mambo hayo mawili hulingana kwa mwenye mzunguko wa siku 28 tu. Mwenye siku 35 yai lake hutoka karibu na siku ya 21, ambayo kwa hesabu yako ni salama kabisa. Mwenye siku 24 hulitoa karibu na siku ya 10, na kwa kuwa mbegu za kiume huweza kuishi hadi siku 5 ndani ya mwili wa mwanamke, tendo la siku ya 6, hedhi ikiwa ndiyo kwanza imekwisha, laweza kuleta mimba.

Mzazi Mkongwe
Sikuja hapa kusomeshwa hesabu na kijana. Mimi na mama watoto tulitumia kalenda hiyo hiyo kupanga uzazi, na watoto wetu wamepishana vizuri. Au unaniita mwongo?

Hoja Baridi
Mzee, kupishana tumeona. Lakini kama wote walikuwa kwenye mpango, jibu hilo tungependa litoke kwa mama watoto mwenyewe.

Mzazi Mkongwe
Familia yangu iache. Nimetoa mfano, sikutoa kibali cha kuchekwa. Watu wa aina yako ndio sababu siwezi kukubali mtoto wangu afundishwe mambo haya na mtu yeyote tu.

Kalamu ya Jioni
Mimi siku za salama nitawaachia wenyewe. Lililonikera ni hilo la wavulana kwenda uwanjani. Shuleni kwetu ndivyo ilivyofanyika: siku ya somo la hedhi wavulana walitolewa nje, wakarudi wakijua tu kwamba kuna siri ya wasichana, na siri ya namna hiyo huishia kuwa dhihaka. Mwenzetu mmoja alipochafuka sketi alibaki kitini kengele ikilia, akajifanya ananakili kazi ya ubaoni ambayo ilikuwa imeshafutwa, hadi darasa lilipokwisha kabisa ndipo akajifunga sweta kiunoni. Wavulana waliokuwa wakichungulia dirishani hawakuzaliwa wakatili, ila hakuna aliyewaambia kwamba kinachotoka ni utando wa mfuko wa uzazi usiohitajika mwezi ule, na kwamba hakuna uchafu wala aibu ndani yake.

Baiolojia Mchana
Kwamba wavulana hawahusiki? Mimi ni mwalimu, na nina mfano mmoja tu. Korodani huweza kujisokota ghafla, mshipa unaoipelekea damu ukabanwa, na kijana akapata maumivu makali na kutapika. Akifikishwa hospitali ndani ya saa 6 hivi, mara nyingi huokolewa. Kadiri anavyochelewa, ndivyo anavyokaribia kuipoteza. Tatizo hili huwapata zaidi vijana wa umri huu huu wa sekondari, na kijana ambaye hajawahi kulitamka neno korodani mbele ya mtu mzima atasema "tumbo linaniuma", apewe dawa ya tumbo, alale nayo hadi asubuhi. Sijagusa bado ndoto nyevu, ambazo wengine huzidhania ugonjwa, wala wanaume wanaowafukuza wake zao kwa kuzaa mabinti watupu, ilhali yai huchangia kromosomu X tu na mbegu ya baba ndiyo huleta X ya msichana au Y ya mvulana.

Hoja Baridi
Naunga mkono. Na kuhusu hofu kwamba kufundisha ni kuchochea, kuna ripoti, nadhani ilikuwa ya WHO, ilishalimaliza suala hilo.

Baiolojia Mchana
Ni mwongozo wa kimataifa wa UNESCO na washirika wake, uliotolewa mwaka 2009 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2018. Tafiti zilizopitiwa humo zilionyesha kwamba elimu hii haiwafanyi vijana waanze ngono mapema wala kuiongeza. Baadhi ya programu ziliwachelewesha.

Mzazi Mkongwe
Miongozo tumeiona mingi. Nirudi kwa muuguzi, kwa kuwa hakunijibu vizuri: binti mwenye mzunguko wa siku 26, hesabu yake inakuwaje?

Muuguzi wa Zamu
Yai lingetoka karibu na siku ya 12, mzee, lakini hesabu hiyo unaifanya ukishajua hedhi ijayo itakuja lini. Binti wa miaka 14 mwezi uliopita alipata siku 26, mwezi huu akapata 39. Utamwambia leo ni siku ya ngapi kabla ya tarehe ambayo haijulikani? Tena hata kalenda ikipatia, haizuii VVU, kisonono wala klamidia, na klamidia mara nyingi haionyeshi dalili yoyote huku ikiharibu mirija.

Mlezi wa Darasa
Ndugu zangu, nimeuliza kidato na kukaa pamoja, tumeishia kuhesabu siku kurasa nzima. Mzee, tuseme misingi hii inafundishwa. Unakubali ianzie wapi?

Mzazi Mkongwe
Kidato cha pili, na mwalimu awe mwanamke. Mwanaume hana la kumwambia binti kuhusu hedhi.

Baiolojia Mchana
Mimi ni mwanaume, na somo hili ninalifundisha. Huwa ninaweka sanduku nyuma ya darasa, watu wanatumbukiza maswali bila majina. Karatasi zinakunjwa zikawa ndogo kama kidonge, na wengine huandika kwa herufi kubwa tupu ili mwandiko usijulikane. Wanauliza kama mimba hushika mara ya kwanza. Wanauliza kama kuoga kwa maji ya moto baada ya tendo kunaiondoa. Yuko aliyeuliza kama msichana ambaye bado hajaona hedhi yuko salama, nami nikamjibu kwamba hapana, kwa sababu yai la kwanza laweza kutoka kabla ya damu ya kwanza kuonekana. Maswali hayo yalihitaji jibu sahihi siku ile ile, mzee, wala sikuona mahali palipoulizwa jinsia ya anayejibu.

Mzazi Mkongwe
Yalihitaji mzazi.

Kalamu ya Jioni
Mzazi yupi, baba yangu, yule wa siku 28?