Kumpeleka mzee kulala kambi ya mahema Katavi: naomba ushauri

BintiMwalimu

Habari za leo wadau. Baba yangu anatimiza miaka 74 mwezi wa tisa. Alifundisha shule ya msingi Mpanda kuanzia 1979 hadi 1986, enzi hizo bado ni mkoa wa Rukwa, na kila likizo alikatiza Hifadhi ya Katavi juu ya lori la mizigo akienda Sumbawanga. Dereva hakusimama hata mara moja. Anachokumbuka ni vumbi, mbung'o, na mstari mweusi kule mbali ambao utingo alimwambia ni nyati. Yeye alidhani ni nyasi zilizoungua.

Sisi watoto wanne tumechanga mwaka mzima ili akalale humo humo hifadhini, kwenye zile kambi za mahema za kifahari zinazotazama mbuga. Hela inatosha siku tatu kwa watu wawili, yeye na mimi, na hatutaipata tena kirahisi. Sitaki kukosea.

Goti lake la kulia ni bovu, na usiku huamka mara mbili au tatu kwenda haja ndogo. Nasikia kambi hizo hazina uzio. Mama naye aliposikia neno hema alinuna: "Mwalimu mzima alale kwenye turubai kama mtu aliyebomolewa nyumba?" Je, usiku ni salama kwa mtu kama yeye? Mwezi wa tisa ni sawa? Na siku tatu si nyingi?

Kapapa

Dada, mfikishie mzee shikamoo yangu. Nimekuwa mhudumu wa mahema Katavi misimu sita, kutandika vitanda na kubeba maji ya kuoga, kwa hiyo nakujibu yale niliyoyashika kwa mikono.

Nianze na choo, maana naona ndicho kinachokunyima usingizi. Kwenye kambi za daraja hilo choo kiko ndani ya hema lenyewe, nyuma ya kitanda, unafungua zipu moja au unasogeza pazia. Mzee hatatoka nje. Ila kabla hujalipa uliza hivi hivi: choo kimeungana na chumba, au kuna hatua za kutembea nje? Zipo kambi za msimu ambazo bafu lina kuta za turubai na juu ni wazi, unaoga unaona nyota. Wageni wengi wanalipenda, lakini mtu mwenye goti bovu saa nane za usiku atapata shida. Uliza pia kama hema limekaa chini au juu ya jukwaa la mbao, na ngazi ziko ngapi. Omba hema la karibu na sehemu ya kulia chakula. La mwisho kwenye mstari lina utulivu mzuri, lakini ni mwendo, na mtaupiga mara sita kwa siku.

Sehemu nyingi kuoga ni kwa ndoo ya kuning'inia. Unataja saa unayotaka, mhudumu analeta maji yaliyochemshwa kwenye pipa la kuni, anachanganya, anavuta ndoo juu kwa kamba, kisha anaita akiwa nje: "Maji tayari, mzee." Ajilowanishe, afunge koki, ajipake sabuni, ndipo afungue tena. Mimi nilikuwa natia kiganja ndani ya ndoo kila mara kabla ya kuivuta, kwa sababu mgeni akishavua nguo anaona haya kukuita urekebishe joto. Mwambie mzee asione haya. Aseme tu.

Sasa usiku. Uzio hakuna, ni kweli. Jua likizama mgeni hatembei peke yake: askari wa kambi anakuja na tochi hadi hemani, anakupeleka kula, anakurudisha. Ndani mnaachiwa filimbi au redio ya upepo. Zipu ikifungwa hadi chini na ndani hakuna chakula, wanyama wanapita na zao. Karanga, ndizi, hata peremende iliyosahaulika mfukoni ndiyo inayoleta balaa, kwa sababu ya nyani na nyegere. Kama mzee ana vitafunwa vyake, avikabidhi jikoni.

Atakayemsikia sana ni kiboko. Giza likiingia anatoka majini kutafuta nyasi, anakula hata kilo 40 kwa usiku mmoja, na nyasi fupi za kambini anazipenda. Anazikata kwa midomo, krup, krup, krup, halafu kimya, halafu unasikia pumzi. Kuna usiku nililala kwenye hema la akiba, kichwa changu kikiwa karibu kugusa turubai. Kiboko alikula akilizunguka hema lote. Alipofika usawa wa kichwa changu turubai ilisukumwa ndani kidogo, nikahisi joto la pumzi yake shavuni, kisha ikarudi. Ulikuwa msimu wangu wa nne pale na bado nilibana pumzi. Mwambie mzee mapema asije akadhani kuna mtu anafyeka nje. Atulie, asimulike tochi dirishani, asifungue zipu.

Mwezi wa tisa umechagua vizuri. Sisi watu wa huku tukisema mbuga hatusemi hifadhi, tunasema bonde tambarare la udongo mweusi, linalojaa maji wakati wa mvua na kupasuka nyufa kiangazi. Katisunga ndiyo hiyo. Chada na Katavi kwenye ramani ni maziwa, lakini Septemba sehemu kubwa ni nyasi. Hifadhi ina kilomita za mraba 4,471, na mwezi huo karibu kila chenye kiu kinasogea kwenye madimbwi yaliyobaki ya mto Katuma. Pale Ikuu viboko wamebanana mgongo kwa mgongo, mamba wamejichimbia mapango kwenye kingo wakalaliana humo, na nyati wanashuka kunywa kwa mamia. Ule mstari mweusi wa mzee ataukuta mbele ya kibaraza chake.

Kuna jambo linaniuma na sitaki mlikute bila kujua. Katuma siku hizi inakatika mapema kuliko wazee wanavyoikumbuka, kwa sababu maji yanachepushwa huko juu kwenda kwenye mashamba ya mpunga. Viboko wanabaki kwenye tope, wanaumizana wakigombea nafasi, wengine wanafia hapo hapo na harufu inafika mbali. Mzee alikijua kijito hicho kikiwa na maji. Atakapouliza, mweleze ukweli.

Siku tatu si nyingi hata kidogo. Watu wanakosea wanapojaza kila saa kuzunguka na gari. Tokeni alfajiri baada ya chai, mrudi saa nne, kisha mkae kibarazani. Siku ya pili msiende popote. Tembo wanakuja wenyewe kuokota ukwaju chini ya miti ya kambi.

MamaTunu

Naunga mkono kuhusu msimu. Wakala mmoja alituuzia safari ya Januari akisema ni kimya na bei imeshuka. Kimya ilikuwa kweli. Gari lilizama kwenye udongo mweusi saa tano asubuhi, tukatoka saa kumi jioni, viatu vimebaki humo. Kambi nyingi za ndani zilikuwa zimefungwa. Nchi ilikuwa ya kijani ya kupendeza, ndege wengi, lakini kwa mzee wa goti hapana.

Na nguo: msibebe za bluu wala nyeusi, mbung'o wanazifuata. Mikono mirefu, rangi ya khaki. Mkiwa kwenye miombo fungeni vioo vya gari, mkifika mbugani mnapumua.

BintiMwalimu

Kaka Kapapa, nimekusomea kwa sauti mbele ya mama. Kwenye habari ya ndoo alitabasamu, kwenye ya kiboko aliondoka. Nimebakiwa na mawili. Twende kwa ndege ndogo au kwa gari? Na ule mkwaju wa mizimu mzee anaoutaja, upo kweli?

Kapapa

Ndege ndogo zinatua uwanja wa Ikuu, ndani kabisa, ila mizigo ni kilo 15 kwa mtu kwenye begi laini, na nauli itawala hela ya siku moja ya kulala. Kama yuko Tabora au karibu na hapo, lami ya kupitia Koga inawafikisha Mpanda. Laleni Mpanda, asubuhi mwende Sitalike yalipo makao makuu ya hifadhi, kama kilomita 35, gari la kambi liwapokee hapo. Bebeni vitambulisho vya taifa wote wawili, kiingilio cha raia ni tofauti sana na cha mgeni. Kambi nayo iulizeni bei ya wakazi, wengi wanayo lakini hawaitangazi. Dawa za mzee zikae kwenye mkoba wa mkononi, na muulizeni daktari wake kuhusu kinga ya malaria.

Mpimbwe_wa_Kibaoni

Mkwaju upo, karibu na ziwa Katavi. Hifadhi imepata jina kwa Katabi, mwindaji ambaye roho yake inakaa kwenye mti huo, na watu bado wanaacha sadaka chini yake. Mwombeni dereva asimamishe gari mbali kidogo, mzee ashuke polepole. Msichume kitu, msipige kelele. Kama mzee aliishi na watu wa kwetu miaka hiyo saba atajua la kufanya kuliko dereva.

BintiMwalimu

Asanteni sana wote. Nimepata hema la pili kutoka sehemu ya kulia, chini kabisa, ngazi hakuna, choo ndani. Jana usiku nimempigia mzee nikamweleza yote, hadi ile turubai kusukumwa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kitanda chake kinaweza kusogezwa upande wa ukuta.