Eti panya "naye anatafuta riziki"! Huyu mtu ana akili kweli?

Mpangaji Mchovu:
Wadau, nimewaka. Ni yule yule mwenye nyumba wangu, mnamjua, sina haja ya kumtaja jina. Nimemwonyesha waya wa friji umegugunwa mpaka shaba inaonekana. Kajibu: "Panya naye kiumbe, anatafuta riziki." RIZIKI! Kwenye umeme!

Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua mpaka afe, kwa hiyo lazima agugune: mbao, bomba, waya. Nyumba itashika moto tumelala, mtu ananiambia riziki. Anakojoa kila apitapo, na mkojo huo ndio unaoleta homa ya mgunda. Mimba yake wiki 3 tu, anashusha watoto 8 na zaidi. Huyu wa kwangu kashafika ukubwa wa mbuzi, usiku nasikia anasogeza kabati! Na pengo chini ya mlango wa stoo nimelilalamikia mpaka sauti imekauka. Yeye anacheka mbele ya wanangu, "anatafuta riziki." Alicheka, jamani!

Kisu Butu:
Kama ni mbuzi, chinja tuje tule 😂

Mama Usafi:
Vyombo vinalala na makombo, ndoo ya taka iko wazi, halafu lawama kwa wengine.

Mpangaji Mchovu:
Wewe ni yeye, au kakutuma? Ndoo yangu ina mfuniko. Pengo ndilo halina! Riziki, kweli?

Fundi wa Mitego:
Tega kandokando ya ukuta, ndiko wanakopita. Siku za kwanza weka chambo tu bila kutega, panya anaogopa kitu kigeni. Sumu achana nayo. Sumu nyingi zinachukua siku kadhaa kuua, wangu akaenda kufia darini. Ile harufu ilinihamisha chumba.

Nyau Wangu:
Sumu hiyo hiyo imeniulia paka! Kala panya aliyekula sumu ya jirani. Mpaka leo sijapewa hata pole.

Kisu Butu:
Kuna paka anakula panya siku hizi? Wangu anawapisha njia.

Fundi wa Mitego:
Nyau, pole, ila paka wako naye alikuwa mzururaji.

Nyau Wangu:
MZURURAJI? Rudia!

Mpangaji Mchovu:
Jamani, uzi ni wa panya na yule aliyesema riziki.

Mama Usafi:
Hebu subiri kwanza. Paka alifungwa kengele au hakufungwa?

Nyau Wangu:
Kengele ya nini? Fundi ajibu kwanza, nani mzururaji?