Naombeni ushauri: maili zangu za ndege zinaisha Septemba, nizitumieje zisipotee bure?

DuaraLaKitenge aliandika:

Habari zenu wakuu, kaka zangu na dada zangu naombeni mnisaidie kwa hili maana nimelizungusha kichwani wiki nzima sijapata jibu.

Mimi nauza vitenge na nguo za watoto Kariakoo, nafuata mzigo Guangzhou mara tatu mara nne kwa mwaka. Safari nyingi napanda Ethiopian kupitia Addis, nyingine Emirates kupitia Dubai, inategemea wapi bei imeshuka na wapi wananipa kilo za kutosha. Hizi kadi za maili, yaani zile pointi unazopewa na shirika la ndege kila ukisafiri nalo, nilijiunga tu kwa sababu dada wa kaunta aliniambia jiunge, sijawahi kutumia hata maili moja. Sasa juzi imeingia imeili ya Skywards, mpango wa maili wa Emirates, inasema maili 58,000 zinaisha tarehe 30 Septemba, nikaingia kwenye akaunti nikakuta jumla nina 71,400, na kule ShebaMiles, mpango wa Ethiopian, nina 44,000 na kitu.

Nimewaza mambo matatu. Jirani yangu wa dukani anasema niingie kwenye duka la mtandaoni la Skywards niagize blenda na saa kwa maili, nimalize. Mimi mwenyewe nilitamani safari ya Oktoba nikae daraja la bizinesi angalau mara moja maishani maana miguu inavimba sana. La tatu ni mdogo wangu yuko Hamburg, anajifungua mwishoni mwa Novemba na mama yuko Moshi anataka kwenda kumlea mzazi, ila tiketi za Desemba mnazijua, na visa bado hata hatujaomba. Na akaunti ina jina langu sio la mama, sijui kama inaruhusiwa.

Halafu kuna linaloniuma, safari zangu tatu za karibuni hazijaingia maili kabisa na tiketi zote alinikatia ajenti mmoja hapa mjini.

Nipeni mwongozo jamani, nina kama wiki sita tu.

---

Mzee wa Transit:

Dada pole na hongera kwa mdogo wako. Nikuulize, umezaliwa Septemba? Maana Skywards maili zinaishi miaka mitatu halafu zinaisha mwisho wa mwezi wako wa kuzaliwa, ndio maana imekuangukia hapo.

Kitu ambacho watu wengi hawakijui na wanapoteza maili kwa sababu hiyo: tarehe ya kuisha ni tarehe ya KUKATA tiketi, sio tarehe ya kusafiri. Ukikata leo tiketi ya Desemba umeshazitumia, hazina tena habari na Septemba. Kwa hiyo presha ishushe kidogo.

Na mama yako anasafiri bila shida yoyote, maili ni zako lakini jina la abiria unaandika la mama kama lilivyo kwenye pasipoti yake, herufi kwa herufi. Kwa ShebaMiles uliza kwanza kama lazima umsajili kama mtu wako ndio umkatie, piga simu ofisini kwao pale Dar usibahatishe.

---

DuaraLaKitenge:

Kweli mzee wangu nimezaliwa Septemba! Hilo la tarehe ya kukata sikulijua kabisa, shikamoo na ahsante sana. Sasa kati ya hayo matatu lipi lina faida zaidi?

---

Mzee wa Transit:

Marahaba. Chukua kalamu.

Thamani ya maili unaipata hivi: bei ya tiketi ya pesa taslimu, toa kodi na ada utakazolipa hata ukitumia maili, kinachobaki gawanya kwa idadi ya maili. Tuseme tiketi ya kwenda tu ya Desemba inauzwa 2,400,000, na kwa maili wanakudai maili 45,000 na kodi 600,000. Umeokoa 1,800,000, gawa kwa 45,000 ni shilingi 40 kwa kila maili. Sasa rudi kwenye blenda, tuseme Kariakoo ni 150,000 na wao wanataka maili 25,000, hapo kila maili umeiuza shilingi 6. Hizo ni namba za mfano tu nimekutengenezea, za kweli ziko kwenye kikokotoo cha maili cha Skywards kwenye tovuti yao, kiko wazi kwa kila mtu, weka Dar es Salaam mpaka Hamburg uone mwenyewe. Lakini mimi nasafiri miaka mingi na sijawahi kukuta vitu vya dukani vikaishinda tiketi.

Angalia sana hizo kodi na ada. Emirates ada zao kwenye tiketi ya maili sio ndogo, watu wanadhani ni bure halafu wanafika mwisho wanakuta wanatakiwa kutoa kadi. Usikate tamaa ukiiona, piga hesabu ile ile.

---

ajenti_mstaafu:

Nimefanya kazi ya kukata tiketi miaka 11 ngoja nimjibu dada kuhusu zile safari tatu.

Una boding pasi zako? Angalia karibu na jina lako, namba yako ya uanachama inatakiwa iwe imechapwa pale, herufi mbili za shirika halafu tarakimu. Kama haipo maana yake ajenti hakuiweka. Kama ipo namba nyingine isiyo yako hilo ni jambo lingine, na nimeliona sana.

Unaweza kudai. Ingia kwenye akaunti tafuta sehemu ya kudai maili zilizopotea, watakuomba namba ya tiketi yenye tarakimu 13, za Ethiopian zinaanza na 071 na za Emirates zinaanza na 176. Programu nyingi zinakupa miezi 6 hivi toka siku uliyosafiri, kwa hiyo ya zamani inawezekana imeshatoka lakini ya karibuni idai LEO. Na siku nyingine boding pasi piga picha ukiwa bado kwenye ndege, zile karatasi ukiziacha kwenye mkoba au kwenye gari wino unafutika wote zinabaki nyeupe.

Jambo la tatu, angalia ile herufi ya daraja kwenye tiketi. Watu wawili wamekaa siti za jirani, ndege moja, mmoja anapata maili kamili mwenzake anapata robo au hapati kitu kwa sababu ya ile herufi moja. Tiketi za kundi ambazo maajenti wanawauzia wafanyabiashara wa China mara nyingi hazina maili kabisa, ndio maana zinakuwa rahisi. Sio mbaya kuinunua, ila uwe unajua.

---

DuaraLaKitenge:

Mkuu umenitoa machozi. Nimetoka kuangalia sasa hivi boding pasi ya Aprili ilikuwa kwenye bahasha ya risiti za mzigo, imefifia ila inasomeka, chini ya jina langu kuna ET halafu namba ambayo SIO yangu. Ina maana ajenti wangu amekula maili zangu?

---

ajenti_mstaafu:

Huenda hajazipata na yeye. Jina la kwenye tiketi lisipofanana na jina la kwenye akaunti maili hazipandi, zinaning'inia tu. Ndio maana nakwambia dai, jina ni lako, pasipoti ni yako, tiketi ni yako. Ambatanisha picha ya hiyo boding pasi na risiti ya tiketi. Na kuanzia leo ukishapewa namba ya buking ingia mwenyewe kwenye apu ya shirika uweke namba yako, ni dakika mbili, usimwachie mtu.

---

Siti_ya_Dirishani:

Mimi naomba nitofautiane na mzee kidogo, suala la bizinesi msilidharau. Mtu anayefika Guangzhou asubuhi na mchana anatakiwa awe sokoni anabishana bei, akilala vizuri kwenye ndege hiyo ni pesa. Dada miguu inavimba, hata afya iangaliwe.

---

Mzee wa Transit:

Sijaidharau, na kuhusu miguu dada amwone daktari, hilo halisubiri maili. Shida ya kupanda daraja kwa maili ni kwamba tiketi za bei ya chini kabisa mara nyingi haziruhusiwi kupandishwa, kwa hiyo inabidi ununue tiketi ya ghali zaidi ndio utumie maili juu yake. Unalipa mara mbili. Na ukikosa nafasi Oktoba, Septemba imeshapita na maili zimekufa mkononi.

---

Nairobi254:

Sasa dadangu, huku Kenya nasi tunalia na hizi miles kila siku. Maoni yangu ni moja tu, mama yako anakaa Moshi, mbona ateseke na basi la Dar kwenda na kurudi na KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, iko hapo karibu? Emirates haitui KIA lakini Ethiopian inatua, na KLM pia inatua.

Kwa hivyo usitafute tiketi moja ya kwenda na kurudi. Tiketi ya maili unaweza kukata upande mmoja mmoja. Kwenda tumia Skywards maana ndio zinaisha, Dar–Dubai–Hamburg, Emirates inaingia Hamburg moja kwa moja so mama anabadilisha ndege mara moja tu. Kurudi tumia ShebaMiles, Frankfurt–Addis–KIA, anashukia karibu na nyumbani. Mpaka Frankfurt anapelekwa na treni, au uliza kama wanaweza kuunganisha na Lufthansa maana wote wako Star Alliance, ule muungano wa mashirika ya ndege.

Kama maili za upande mmoja hazitoshi, linganisha na KLM pia. Mpango wao wa maili, Flying Blue, kila mwezi wana Promo Rewards, wanapunguza maili kwa safari fulani fulani, na maili zao zinakaa miezi 24 lakini ukiruka tena zinaongezwa muda. Sio lazima sasa, ila ujue iko.

---

DuaraLaKitenge:

Yaani sikuwahi kufikiria kuchanganya mashirika mawili. Lakini visa, je wakimnyima?

---

Mswahili_Altona:

Dada niko hapa hapa Hamburg, mama mkwe wangu alikuja mwaka juzi. Maombi ya visa ya Schengen yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, kwa hiyo anzeni sasa hivi kutafuta siku ya miadi ya visa, msisubiri Oktoba. Mdogo wako aende ofisi ya wageni ya hapa atoe Verpflichtungserklärung, ile karatasi ya kumdhamini mama, na bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi.

Kuhusu tiketi kabla ya visa, hapa ndio tiketi ya maili inaizidi ile ya pesa ya bei rahisi. Ile ya bei rahisi visa ikigoma mara nyingi pesa imekwenda. Ya maili kwa kawaida unalipa ada ya kufuta na maili zinarudi, ILA kama muda wake wa kuisha umeshapita usitegemee zitarudi. Maana yake zile 58,000 ukizifuta baada ya Septemba hesabu zimekwenda. Mimi ningekubali hiyo hatari, kwa sababu usipokata zinakwenda vilevile. Kubadilisha tarehe ni bora kuliko kufuta, soma masharti ya tarehe kabla hujabonyeza.

Na kwa mama anayesafiri peke yake na Kiingereza hakipandi, omba msaada wa kiti cha magurudumu kwenye buking, ni bure, hata kama anatembea vizuri. Dubai ni uwanja mkubwa, kuna mtu atamchukua mlangoni kwa ndege na kumfikisha mlango wa ndege nyingine. Mama mkwe hakupotea hata dakika moja.

---

bandari_salama:

Samahani kuingilia, kuna mtu kanifuata inboksi anasema ananunua maili na kwamba hata wewe dada anaweza kukulipa taslimu. Mmewahi kufanya hiyo?

---

ajenti_mstaafu:

Msifanye. Masharti ya programu zote hizi yanakataza kuuza maili, wakigundua wanafunga akaunti na tiketi iliyokatwa wanaifuta, na abiria anajua akiwa kaunta na begi lake. Tena anayenunua atakuomba neno la siri la akaunti, hapo amekumaliza.

---

Mzee wa Transit:

Naongeza moja. Kule Skywards kuna mpango wa familia, mnaungana hadi watu wanane na maili za safari ZIJAZO zinaingia kapu moja. Mwingize mama kabla hajasafiri, na mdogo wako pia. Zile za zamani hazihamii ila za mbele zitakusanyika haraka zaidi, badala ya kila mtu kuwa na vijimaili elfu tatu tatu vinavyomfia mkononi.

---

DuaraLaKitenge:

Narudi kuleta mrejesho.

Nimekaa na kikokotoo jana usiku mpaka saa saba. Kwenda Dar–Hamburg Skywards zimetosha na zimebaki kidogo, nimekata tarehe 9 Desemba kwa jina la mama, ada nimelipa kwa kadi, imeniuma ila nimepiga ile hesabu ya mzee na bado nimeokoa zaidi ya nusu ya bei ya tiketi ya pesa. Kiti cha magurudumu nimeweka. Kurudi nimepiga simu Ethiopian, wamesema nafasi za Machi zipo ila kwa Februari zimejaa, tumekubaliana na mdogo wangu mama akae mpaka mwanzoni mwa Machi, siku zake za visa zisizidi 90 tumeshazihesabu. Madai ya ile safari ya Aprili nimetuma na picha ya boding pasi, nasubiri jibu. Zile mbili nyingine zimepitiliza miezi 6, nimeziacha.

Swali la mwisho kwa aliyeko Hamburg, mama ananiuliza kila saa, anaruhusiwa kubeba nini? Anataka kumpikia mzazi mtori.

---

Mswahili_Altona:

Nyama na maziwa asibebe kabisa, Ulaya hawaruhusu kuingiza kwenye begi la abiria, watamnyang'anya pale forodhani. Lakini ndizi hazihitaji cheti cha mimea, kwa hiyo mshare abebe, azifunge kwenye magazeti zikiwa mbichi kabisa na aziweke katikati ya nguo. Nyama ya ng'ombe yenye mifupa nitamwonyesha mdogo wako bucha la kununua, liko mitaa miwili toka kwangu.