Spika za nyuma kimya na kaseti za bibi hazirekodi, Linux Mint 21.3. Tatizo ni draiva?

mwambao_tanga

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wenu maana leo siku ya nne nahangaika na sauti kwenye Linux na sijaona pa kushika. Nina kompyuta ya mezani ya mtumba, i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 8, nimeiwekea Linux Mint 21.3 mwenyewe, intaneti ikakubali, printa ikakubali, kila kitu kiko poa isipokuwa sauti. Spika nimechomeka nyuma tundu la kijani, kimya kabisa. Napandisha volyumu pale chini kulia, inapanda mpaka 100, hamna kinachotoka. Nikichomeka hedifoni tundu la mbele nasikia vizuri tu. Nikizichomoa kimya tena.

Sasa shida yangu hasa siyo muziki. Mama ana kaseti saba za marehemu bibi. Miaka ile baba alipokuwa Muscat bibi alikuwa hajui kuandika, basi anarekodi salamu zake kwenye kaseti anampa mtu anayesafiri, na baba aliporudi alirudi nazo zote. Moja imeandikwa 1989 kwa kalamu ya wino na utepe wake umeshaanza kujikunja pembeni, nataka niziingize kwenye kompyuta kabla hazijafa. Nimetoa waya wa AUX kwenye tundu la hedifoni la redio kaseti nikachomeka tundu la bluu nyuma ya kompyuta, nikarekodi na Audacity, ile programu ya kurekodi sauti, mstari umenyooka kama rula, hamna kitu. Nikahamishia tundu la waridi, hapo kinaingia kitu ila kinakwaruza vibaya mno, hata maneno huyatambui.

Nimeingia tovuti moja nikashusha draiva ya kadi ya sauti, yaani programu ya kuiendesha, faili la tar.gz, nikaandika make ili kuijenga ikamwaga makosa kurasa mbili. Je hii kadi haina draiva ya Linux? Ninunue nyingine? Natanguliza shukrani.

fundi_mkongwe

Pole sana ndugu yangu. Hiyo tar.gz achana nayo, ifute kabisa. Kwenye Linux draiva ya kadi ya sauti inakuja ndani ya kerneli, kiini cha mfumo wenyewe, huendi kuitafuta kwenye tovuti. Kwa kompyuta za aina yako inaitwa snd_hda_intel, na kama hedifoni za mbele zinalia basi draiva ipo na inafanya kazi, maana tundu la mbele na la nyuma yote yanatoka chipu ile ile moja. Usinunue kitu kwanza. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, utuletee majibu ya hizi mbili:

`lspci -nnk | grep -iA3 audio`
`aplay -l`

Na utuambie monita umeiunganisha kwa waya gani.

mwambao_tanga

Ahsante mkuu. Ya kwanza imeleta vifaa viwili, na vyote chini vimeandikwa "Kernel driver in use: snd_hda_intel". Ya pili nimefupisha:

card 0: HDMI [HDA Intel HDMI], device 3, 7, 8
card 1: PCH [HDA Intel PCH], device 0

Monita ni DisplayPort. Haina spika.

chuma_mtumba

Mkuu mimi iliwahi kunikuta kama hiyo, dawa yake toa PulseAudio yote, ile programu inayogawa sauti, `sudo apt remove pulseaudio`, unabaki na ALSA ya chini yake peke yake, restati mashine. Yangu ilirudi sauti siku hiyo hiyo.

zuhura_msa

Mwambao subiri, hiyo usiifanye. Ndugu Chuma sikatai kwamba kwako ilikubali, ila kwenye Mint na Ubuntu hiyo amri ukiiandika inaleta orodha ya vitu inavyotaka kuondoa pamoja na PulseAudio, na mara nyingi ndani yake mna vipande vya eneokazi (desktop) lenyewe, mtu akibonyeza Y bila kusoma anawasha mashine kesho haimtambui. Na hata ikipona, unakuwa umevunja mlango kwa sababu ya ufunguo ulioko mfukoni.

Mwambao majibu yako yameshasema kila kitu. Hizo i5 za kizazi cha nne zina kadi mbili za sauti siyo moja, kadi 0 ni ya kupeleka sauti kwenye monita, na kadi 1, hiyo PCH, ndiyo yenye matundu yako ya rangi. Sasa angalia mchezo wenyewe. Ukichomoa hedifoni, mfumo unarudisha sauti kadi 0, inakwenda kwenye monita isiyo na spika, inaishia huko. Ukichomeka hedifoni, sauti inakuja kadi 1 lakini kuna kitu kinaitwa Auto-Mute kinafunga tundu la nyuma kwa sababu kimeona hedifoni mbele. Yaani nyuma hakupati zamu hata dakika moja, ndiyo maana unaona kama pamekufa.

Ichukulie kama maji ya nyumbani. Kuna koki ya pale kwenye mita na kuna bomba la jikoni. ALSA ndiyo koki ya mita, iko chini kabisa karibu na chipu, PulseAudio ndiyo bomba la jikoni, na ile alama ya volyumu unayopandisha mpaka 100 ni ya bomba la jikoni tu. Koki ya mita ikiwa imefungwa, au maji yameelekezwa nyumba ya jirani, bomba utalifungua mpaka ling'oke.

Fanya hivi. Chomoa hedifoni za mbele, uziache nje. Weka pavucontrol, dirisha la kupangia PulseAudio:

`sudo apt install pavucontrol`

Ifungue, nenda ukurasa wa mwisho kulia, Configuration. Utaona kadi zako mbili. Ile ya HDMI iweke Off. Ile nyingine iweke Analog Stereo Duplex, hiyo Duplex maana yake inatoa na kuingiza, na wewe unataka vyote viwili. Kisha ukurasa wa Output Devices, pale kwenye Port chagua Line Out. Ikishindikana hapo ndiyo tushuke kwenye koki ya mita:

`alsamixer`

Hapa wengi wanapotea. Ukiifungua hivi hivi inakuonyesha nguzo moja tu, maana inakuonyesha PulseAudio, siyo kadi. Bonyeza F6 uchague HDA Intel PCH, hapo nguzo zinamwagika: Master, Headphone, Speaker, PCM, Front, Line, na nyingine. Chini ya kila nguzo kuna kisanduku, ukiona MM maana yake imezibwa, OO maana yake iko wazi, unaibadili kwa kubonyeza M. Tembea na vishale kulia mpaka ufike Auto-Mute Mode, ishushe iwe Disabled. Halafu uniambie.

mwambao_tanga

DADA ZUHURA SAUTI IMETOKA. Yaani pavucontrol peke yake ilitosha, kuiweka ile HDMI Off tu spika zikalia nikashtuka maana nilikuwa nimeacha volyumu 100. Kisha nikaingia alsamixer nikazima na hiyo Auto-Mute, sasa hivi hata nikichomeka hedifoni mbele, spika za nyuma zinaendelea. Siku nne!

Imebaki kurekodi. Tundu la bluu bado kimya. Nimeiona nguzo ya Line ilikuwa MM nikaifungua, sasa kaseti naisikia kwenye spika lakini Audacity bado haioni kitu, hapo ndiyo sielewi, sauti ninaisikia halafu hairekodi?

zuhura_msa

Alhamdulillah. Hilo swali lako ni zuri, limenisumbua mimi mwaka mzima nilipoanza kurekodi mawaidha msikitini kwetu. Nguzo ya Line uliyoifungua iko upande wa kusikiliza. Inachukua sauti ya tundu la bluu inaipeleka moja kwa moja kwenye spika, ndani ya chipu humo humo, haipiti kwenye kompyuta kabisa. Kurekodi ni upande wa pili. Ukiwa alsamixer, baada ya F6, bonyeza F4. Hapo utaona Input Source, na nina hakika yako imekaa Front Mic au Rear Mic, ipandishe kwa kishale mpaka iseme Line. Pembeni kuna Capture, bonyeza spesi mpaka yatokee maandishi mekundu CAPTURE, kisha angalia juu kushoto panapoonyesha dB, anza nayo kwenye 0.

Na ile kukwaruza kwa tundu la waridi siyo ubovu. Tundu la waridi ni la maiki, na maiki inatoa umeme mdogo sana kwa hiyo chipu inauzidisha, ndiyo hizo nguzo zilizoandikwa Mic Boost, zikiwa juu zinaongeza mpaka desibeli 30. Redio kaseti inatoa nguvu mara nyingi kuliko maiki, sasa ukiizidisha tena inapasuka, na ikishapasuka kwenye rekodi hakuna programu itakayokurudishia yale maneno. Boost zote weka 0 na waya ukae bluu.

Jaribu kwanza nje ya Audacity ili ujue kadi yenyewe inasemaje:

`arecord -D hw:1,0 -f cd -V stereo jaribio.wav`

hw:1,0 ni ile kadi 1 kifaa 0 ulichotuonyesha. Kabla hujaandika hiyo funga pavucontrol, maana ikiwa wazi inaishikilia kadi na utaambiwa iko bize. Itakuonyesha mstari unaocheza kadiri bibi anavyoongea. Ikigonga 100 mara kwa mara, punguza volyumu ya redio siyo ya kompyuta. Ukimaliza Ctrl+C. Mipangilio ikikaa sawa:

`sudo alsactl store`

ili ukiwasha kesho uikute.

chuma_mtumba

Dada Zuhura nimekuelewa. Kweli ile siku ilinitolea vitu vingi nikaja kuvirudisha kimoja kimoja, sikujua kama ndiyo chanzo. Mwambao samahani kwa ule ushauri.

fundi_mkongwe

Niongeze upande wa redio maana hiyo ndiyo kazi yangu. Kabla hujaweka ile ya 1989, weka kaseti yoyote isiyo na thamani ujaribu redio haili utepe. Safisha kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti, futa mpaka pamba isitoke na weusi, na ile roda ndogo ya mpira inayovuta utepe nayo uifute. Kichwa kichafu kinakula sauti nyembamba zote, unasikia mtu kama anaongea ndani ya blanketi, halafu unadhani ni kadi. Utepe uliojikunja usiuchezeshe mbele nyuma, na kabla ya kuucheza zungusha kwa penseli taratibu mpaka ulegee usawa.

Ukisikia mvumo wa mmm mfululizo hata bibi akinyamaza, chomoa redio ukutani uiendeshe kwa betri. Redio na kompyuta zikiwa zote kwenye umeme na zimeunganishwa kwa waya, mara nyingi mvumo unaingilia hapo.

mwambao_tanga

Wakuu narudi na mrejesho. Input Source ilikuwa Rear Mic kama alivyosema dada. Nimeweka Line, Boost zote 0, arecord ikacheza vizuri inapanda 60, 70, haigongi. Mvumo ulikuwepo, nimenunua betri sita kubwa, umeondoka wote! Nimeshamaliza pande mbili za kaseti ya kwanza, dakika 60, faili limekuwa MB 600 na kitu, hiyo ni kawaida? Na swali la mwisho, kwenye Audacity mstari wa juu una mawimbi, wa chini mtupu, kwenye hedifoni namsikia bibi sikio la kushoto tu.

zuhura_msa

Ni kawaida, WAV ya -f cd inakula kama MB 10 kwa dakika. Usiibane kuwa MP3 kwanza, hiyo WAV ndiyo asili yako, iweke flashi mbili tofauti, za kusikiliza kwenye simu utazitoa baadaye.

Sikio moja kwanza sukuma jeki ya waya mpaka mwisho pande zote mbili, jeki ikibaki nje kidogo tu upande mmoja unapotea. Ikibaki hivyo hivyo basi redio yako ni ya spika moja na hata tundu lake linatoa upande mmoja. Usihangaike nayo, kwenye Audacity bonyeza jina la huo mstari, chagua Split Stereo to Mono, ule mtupu ufute, utamsikia masikio yote mawili.

mwambao_tanga

Redio ina spika moja kweli, nimefanya hivyo na imekaa sawa. Mama alikuwa jikoni, nimemchezea kwa spika za nyuma bila kumwambia. Bibi anamuuliza baba kama ule mkeka aliompa yule nahodha umefika, kisha anataja majirani mmoja mmoja nani anamsalimu, na jogoo anawika nyuma yake. Mama amekaa chini pale pale mlangoni na kisu mkononi, ananitajia wale majirani walikuwa wanakaa nyumba ipi. Kaseti ya pili naianza kesho asubuhi umeme ukiwepo, ile ya 1989 naiacha ya mwisho.